Mgeni Akishuka na Bunduki ya Wenzo

Msimu wa uwindaji wa kitalii unapofunguliwa Julai, mabegi mengi yanayofunguliwa kwenye kambi za Rungwa, Maswa na Selous nchini Tanzania hutoa silaha ya aina moja: bunduki ya bolti, kaliba ya .375 au zaidi, yenye darubini juu. Mara mojamoja hutokea mgeni, aghalabu Mmarekani, akatoa bunduki nyembamba yenye mbao za kupendeza na pete ya chuma chini ya mshikio, ile ambayo kila mtu kambini ameiona kwenye filamu za makauboi. Hiyo ni bunduki ya wenzo. Mgeni anataka kuitumia kwa nyati, pengine na kwa simba, na hamu hiyo anayo tangu utotoni.

Makala haya ni ya watu watakaotembea mbele na pembeni ya bunduki hiyo: wafuata nyayo, askari wa wanyamapori, vijana wanaojifunza kazi ya mwindaji bingwa, na mwananchi mwenye leseni ambaye naye amevutiwa na silaha ya namna hii. Msomaji wa Kenya ajue kwamba kwake uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku mwaka 1977, na marufuku hiyo bado ipo. Ninayoyaandika hapa yanahusu nchi ambazo uwindaji wa leseni unaendelea, hasa Tanzania.

Nianze na msimamo wangu, kwa sababu kila kinachofuata kinautegemea. Ubishi wa kambini huwa juu ya wenzo: ni wa haraka au si wa haraka, ni wa kizamani au bado una nguvu. Ubishi huo haumsaidii mtu. Nyati hajui kama umekoki kwa wenzo au kwa bolti. Anachokipokea ni kipande cha chuma chenye uzito fulani, kwa mwendo fulani, mahali fulani mwilini. Kwa hiyo kwanza uliza risasi gani, halafu umbali gani, halafu mikono ya nani. Wenzo una mazuri yake na hila zake, na nitazieleza, lakini unakuja baada ya hayo matatu.

Inavyofanya kazi

Wenzo ni ile pete inayozunguka vidole nyuma ya trigga. Ukiusukuma chini na mbele, ganda lililotumika linatolewa na kurushwa nje, na nyundo inavutwa nyuma. Ukiurudisha juu, risasi mpya inaingia chemba na kufungiwa. Yote haya hufanyika bunduki ikiwa bado begani na jicho likiwa bado kwenye shabaha. Mtu aliyezoea hupiga mara ya pili na ya tatu upesi kuliko wengi wanaotumia bolti, na hiyo ndiyo fahari yake kubwa.

Kuna familia mbili unazopaswa kuzitofautisha. Nyingi huweka risasi ndani ya tubu iliyolala chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine. Marlin 1895, ambayo ndiyo utakayokutana nayo mara nyingi zaidi, ni ya aina hii, na licha ya namba ya jina lake, ya sasa ilianza kutengenezwa mwaka 1972. Familia ya pili ni Winchester 1895 iliyobuniwa na John Browning. Hiyo ina magazini ya sanduku mbele ya trigga, na risasi zake hulala moja juu ya nyingine kama kwenye bunduki za kivita.

Tofauti hiyo si ya umbo tu. Ndani ya tubu, ncha ya risasi ya nyuma inagusa kitako cha risasi iliyo mbele yake, palepale penye fataki inayowasha baruti. Bunduki ikirusha teke, zote zinagongana. Ncha ikiwa kali na ngumu inaweza kuilipua fataki ya mwenzake, na tubu ikapasuka mkononi mwa mpigaji, sentimita chache kutoka kwenye vidole vyake vya kushoto. Kwa hiyo risasi za tubu lazima ziwe na kichwa bapa, au ziwe na ncha laini ya plastiki iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Ukiona mgeni anajaza tubu kwa risasi zenye ncha kali za chuma, mzuie. Huhitaji cheo kusema hivyo.

Ilivyofika huku

Bunduki hizi si ngeni Afrika Mashariki. Theodore Roosevelt, muda mfupi baada ya kutoka madarakani kama rais wa Marekani, alishuka Mombasa Aprili 1909 pamoja na mwanawe Kermit, wakapanda treni hadi nyanda za Kapiti na kuanza safari iliyowafikisha Khartoum mwaka uliofuata. Alibeba Winchester 1895 ya kaliba ya .405, na kwa simba hakuna silaha aliyoisifu zaidi ya hiyo. Mwandishi Stewart Edward White naye aliichukua .405 alipokuja muda mfupi baadaye. Charles Cottar, Mmarekani aliyehamia Kenya na kuanzisha ukoo wa wawindaji bingwa, aliipenda kaliba hiyohiyo miaka nenda miaka rudi, hadi alipouawa na kifaru mwaka 1940.

Wasimuliaji huishia kwenye sifa. Kitu wanachokiruka ni kwamba Roosevelt alikuwa pia na bunduki ya mitutu miwili ya Holland & Holland, kaliba ya .500/450, na mbeba bunduki wake alitembea nayo karibu. Kwa tembo na kifaru alitegemea ile kubwa. Risasi za .405 za wakati huo zilikuwa na ganda jembamba juu ya kiini laini. Kwa simba mwenye ngozi nyepesi zilitanuka na kufanya kazi vizuri. Kwenye bega la nyati au kifaru ziliweza kuvunjika kabla ya kufika ndani. Mgeni akikutajia Roosevelt, mkumbushe na ile bunduki ya pili.

Namba zinazoamua

Katika nchi nyingi za uwindaji Afrika, Tanzania ikiwemo, kiwango cha chini kinachofuatwa kwa wanyama wakubwa hatari ni kaliba ya .375, yaani risasi yenye upana wa takriban milimita 9.5. Hapo ndipo mgeni mwenye .45-70 anapotabasamu, kwa sababu risasi yake ina upana wa .458, karibu milimita 11.6, sawasawa na ile ya .458 Winchester Magnum inayoaminiwa na wawindaji bingwa wengi. Kwa kipimo cha upana peke yake amepita.

Lakini upana ni nusu ya habari. Risasi ya .45-70 ilizaliwa mwaka 1873 kwa ajili ya jeshi la Marekani, enzi za baruti nyeusi. Katika kipimo chake cha kale, kichwa cha gramu 26 hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 400 hivi kwa sekunde, kikiwa na nguvu ya takriban jouli 2,150. Risasi ya .375 Holland & Holland, kichwa cha gramu 19, hutoka kwa mita 770 kwa sekunde na kubeba karibu jouli 5,800. Ile .458 ya bolti yenye kichwa cha gramu 32 huzidi jouli 6,500. Majina yanafanana, upana ni uleule, lakini kazi ni mbalimbali kabisa.

Zimbabwe wameliona hilo na kuliandika. Kwao tembo, kiboko na nyati wanahitaji risasi ya angalau milimita 9.2 yenye jouli 5,300 mtutuni. Simba anahitaji milimita 7 na jouli 4,300. Risasi kali za kisasa za .45-70, zile zinazotengenezwa kwa ajili ya bunduki madhubuti, nyingi huishia chini kidogo ya jouli 5,000. Kwa hiyo kwa kipimo cha Zimbabwe zinapita kwa simba na zinakwama kwa nyati. Ile .405 ya Roosevelt, kichwa cha gramu 19 kwa mita 670 kwa sekunde, ina takriban jouli 4,370: inapita kwa simba kwa upenyo wa sindano. Naamini kipimo cha nguvu ni cha haki zaidi kuliko cha upana, na hata pale ambapo sheria haikilazimishi, mwindaji bingwa mwenye busara anakitumia kichwani mwake.

Jambo jingine la kuangalia kwenye sanduku la risasi ni maandishi. Risasi za .45-70 zinauzwa kwa viwango tofauti vya msukumo, wakati umbo la ganda ni lilelile. Zile za kiwanda za kawaida hupunguzwa nguvu makusudi ili zisipasue bunduki za karne ya 19 ambazo bado zinatumika. Zile kali zimeandikwa onyo kwamba ni za bunduki za kisasa tu. Ukimkuta mgeni na zile za kawaida, zenye kichwa laini cha kupigia kulungu wa Marekani, hana silaha ya nyati, hata kama bunduki yenyewe inafaa. Na ukimkuta na bunduki ya kale ya babu yake pamoja na sanduku la risasi kali, kaa mbali naye hata akiwa anajaribu shabaha.

Risasi ndefu na nzito kwa upana wake hupenya kuliko fupi. Kwa nyati, ndani ya .45-70, tafuta kichwa kisichopungua gramu 26, kigumu kote au kilichounganishwa imara kisivunjike, chenye uso bapa. Hapa kuna kitu kizuri ambacho bunduki za wenzo zimetufundisha: kichwa kigumu chenye uso mpana bapa hunyooka ndani ya mwili, hakipindi njia kirahisi kama cha duara, na hukata tundu kubwa. Watu waliowahi kuangusha nyati na hata tembo kwa .45-70 walitumia risasi za namna hiyo, wakiwa karibu sana, na nyuma yao alisimama mtu mwenye bunduki kubwa.

Kaliba ya .30-30, ambayo ndiyo ya kawaida kuliko zote kwenye bunduki za wenzo, ibaki kambini au itumike kwa wanyama wadogo inaporuhusiwa. Kwa mnyama yeyote hatari, jibu ni hapana.

Asubuhi ya kujaribu

Hakuna mgeni anayestahili kuingia porini kabla ya kupiga mbele ya macho ya mwindaji bingwa na wafuata nyayo. Kawaida kambi hutundika karatasi kwenye boksi la maji ya chupa, mgeni akapiga mara tatu akiwa amekaa mezani, wakapeana mikono. Kwa bunduki ya wenzo hiyo haitoshi.

Mtoe mezani. Msimamishe kwenye fimbo za kulengea, mita 25 kwanza, halafu 50. Risasi zote ziingie ndani ya upana wa sahani ya kulia wali. Kisha mwambie ajaze risasi zote na azipige zote, upesi, bila kuishusha bunduki begani. Usitazame karatasi. Tazama mkono wake wa kulia.

Utaona mojawapo ya mambo mawili. Mwenye mazoezi anausukuma wenzo hadi mwisho kwa nguvu, kana kwamba anataka kuuvunja, na ganda linaruka juu ya kofia yake. Asiye na mazoezi anausukuma nusu. Ganda linatoka nusu, au halitoki, au risasi mpya haiinuki vizuri na inakwama mlangoni ikiwa imepinda. Anashusha bunduki, anachungulia, anaanza kuchokoa kwa kidole. Hiyo ndiyo hila kuu ya bunduki ya wenzo: ukiifanyia kwa upole inakwama, na mtu mwenye hofu mbele ya nyati mara nyingi hupoteza nguvu za mkono au hukatisha mwendo. Kwenye karatasi ni aibu ndogo. Kwenye matete ni jambo jingine.

Mgeni wa namna hiyo si wa kufukuzwa. Mpe risasi bandia na umwambie azungushe wenzo jioni nzima, bunduki ikiwa begani, mara nyingi mpaka mkono uache kufikiri. Tatizo likiendelea asubuhi ya pili, mwindaji bingwa ampe bunduki ya kambi. Mgeni atanuna, lakini anayekwenda kutafuta nyati aliyejeruhiwa si mgeni. Ni mfuata nyayo, na mara nyingi mkononi ana fimbo tu.

Angalia na teke. Marlin fupi yenye uzito wa kilo tatu na kidogo, ikipakiwa risasi kali, hupiga bega vibaya, na pete ya wenzo hugonga vifundo vya vidole. Baada ya risasi kadhaa mgeni anaanza kufumba macho kabla ya kuvuta trigga, na risasi zinaanguka chini. Usimchoshe. Risasi chache zenye utulivu zinatosha, halafu mazoezi mengine yawe ya bunduki tupu.

Joto nalo lina neno lake. Risasi zilizoachwa juu ya dashibodi ya gari jua likiwaka huongeza msukumo zikipigwa, na ganda linaweza kung'ang'ania chemba. Bolti ya aina ya Mauser ina nguvu kubwa ya kuling'oa ganda lililokwama, lakini wenzo hauna nguvu hiyo. Kwa hiyo risasi zikae kivulini, na kila jioni bunduki ifagiliwe vumbi na mbegu za nyasi kwa brashi kavu, kisha ipakwe mafuta kidogo sana. Mafuta mengi hukusanya mchanga wa Rungwa kuliko yanavyosaidia.

Kutembea nayo

Porini mfuata nyayo yuko mbele, mwindaji bingwa nyuma yake, na mgeni nyuma ya mwindaji bingwa. Maana yake bunduki ya mgeni inatembea nyuma ya migongo ya watu wawili. Hapa bunduki ya wenzo inahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu nyingi zina nyundo ya nje.

Risasi ikiwa chemba na nyundo imevutwa nyuma, silaha iko tayari. Ili kuituliza, mtu anatakiwa aishike nyundo kwa kidole gumba, avute trigga, na kuishusha taratibu. Kidole chenye jasho kikiteleza, risasi inatoka. Bunduki za kisasa zina kifungio cha ziada cha usalama, lakini si zote, na za zamani hazina. Kanuni ninayoitetea ni rahisi: chemba iwe tupu mpaka mwindaji bingwa aseme weka. Wenzo ni wa haraka kiasi kwamba kuweka risasi ya kwanza kunachukua muda mfupi kuliko kufungua fimbo za kulengea. Sauti yake ya chuma inasikika, kweli, kwa hiyo iwekwe kabla hamjafika karibu, na kuanzia hapo mtutu uelekee pembeni na juu, na mfuata nyayo ajulishwe kwa ishara. Mfuata nyayo akigeuka na kuukuta mtutu unamtazama, ana haki ya kusimama na kukataa kuendelea.

Kingine ni nafasi. Wenzo unashuka chini, kwa hiyo ukilala kifudifudi unagota ardhini, na ukipiga magoti ndani ya nyasi ndefu unanasa. Bunduki hii ni ya mtu aliyesimama kwenye fimbo.

Mbele ya nyati

Dume la nyati lina uzito wa kilo 500 hadi 900. Ngozi yake ni nene, mbavu zake pana zinakaribiana sana, na juu ya ubongo kuna zile pembe zilizoungana kama ngao. Moyo uko chini kuliko watu wengi wanavyodhani, kati ya miguu ya mbele. Akiwa ubavu, fuata mguu wa mbele kwa macho kutoka chini kwenda juu, na ulenge theluthi ya kwanza ya kifua, si katikati. Ukipiga katikati, unaweza kugusa juu ya mapafu tu, na nyati wa namna hiyo anaenda mbali na kukungoja.

Kwa bunduki ya wenzo, umbali wangu hauzidi mita 50. Si kwa sababu risasi haifiki. Risasi nzito ya mwendo mdogo, ukiipangia shabaha mita 100, hushuka zaidi ya shibiri ikifika mita 150, na nguvu nayo inapungua njiani. Nyati akiwa mbali, subirini. Upepo ukigeuka, akaondoka, kesho ipo. Msimpige akiwa amewaelekea uso kwa uso, wala akiwa amewapa mkia, kwa sababu kutoka pande hizo risasi inatakiwa kupenya nyama na mifupa mingi, na hapo ndipo .45-70 inapokosa pumzi.

Mgeni akishapiga, kazi yake moja ni kuzungusha wenzo papo hapo na kupiga tena maadamu anamwona nyati. Wengi husimama kutazama kilichotokea. Mfundisheni kabla, kwa neno moja mtakalokubaliana, hata kama hajui Kiswahili: "Tena!" Hapa ndipo bunduki hii inapolipa gharama yake. Nyati anayetimua vumbi akikata ubavu hutoa nafasi ya risasi ya pili, na mara nyingine ya tatu, na mtu wa wenzo aliyefunzwa huipata.

Mwindaji bingwa awe na bunduki yake kubwa, .416, .458 au ya mitutu miwili, na kabla ya kutoka kambini wawe wamekubaliana waziwazi ni lini ataingilia. Baadhi ya wageni wa bunduki za kihistoria huomba asiingilie kabisa ili sifa iwe yao. Ombi hilo likataliwe kwa adabu na mbele ya wote.

Simba na chui

Hapa bunduki ya wenzo iko nyumbani zaidi. Simba dume ana kilo 150 hadi 250, ngozi yake si nene, na mifupa yake si ya nyati. Risasi inayotanuka vizuri hufanya kazi kuliko ile ngumu inayopita na kutokea upande wa pili. Kwa hiyo mgeni anayewinda nyati na simba safari moja abebe aina mbili na aziweke mifuko miwili tofauti, ngumu kulia, laini kushoto, asije akapapasa.

Simba akija, anakuja chini, amejibana na nyasi, kwa mwendo unaokaribia kilomita 80 kwa saa. Mita 40 ni takriban sekunde mbili. Kuna nafasi ya risasi moja ya hakika, pengine mbili. Nguvu ya wenzo ya kurudia upesi ina thamani kubwa hapa, ilimradi ya kwanza imelengwa. Tanzania pia inataka simba anayewindwa awe dume la miaka sita au zaidi, na kumkadiria umri huchukua muda mrefu wa kutazama pua, manyoya na uso kwa darubini. Asiyeweza kusubiri asipewe simba.

Chui hupigwa jioni, kutoka kibandani, kwa shabaha iliyopimwa. Bunduki yoyote halali iliyo sahihi inatosha. Kwa tembo na kiboko, shauri langu ni fupi: tumieni bunduki kubwa ya bolti au ya mitutu miwili. Fuvu la tembo ni pana na lenye mifupa kama sega, ubongo umejificha ndani, na sioni sababu ya kumfanya mnyama huyo awe mtihani wa silaha ndogo.

Baada ya mlio

Mnyama akiingia kichakani, nyamazeni na msikilize. Nyati anayekufa mara nyingi hutoa mlio mrefu wa huzuni, na wafuata nyayo wazee huujua. Usiposikika, ngojeni nusu saa hivi kabla ya kuanza. Mgeni ajaze tubu yake kupitia mlango wa pembeni wakati huo, risasi moja moja. Hili ni jema jingine la bunduki ya wenzo, kwamba unaweza kuongeza risasi bila kuifungua.

Damu isomwe kabla ya hatua ya kwanza. Nyekundu yenye povu ni mapafu, na hataenda mbali. Nyeusi nzito ni ini. Iliyochanganyika na majani ya tumboni ni habari mbaya, na hapo mgeni anaweza kuombwa abaki na askari, mwindaji bingwa na mfuata nyayo waendelee. Kama mwindaji bingwa ndiye anayebeba bunduki ya wenzo kwa kupenda kwake, aiache garini kwa kazi hii na achukue kubwa.

Mkimkuta amelala, mkaribieni kutoka nyuma, upande wa mgongo. Macho yaliyofumba yanatia shaka kuliko yaliyo wazi. Gusa jicho kwa fimbo ndefu, na hata lisipopepesa, risasi ya mwisho ipigwe. Bei yake ni ndogo kuliko kitu chochote kingine mnachoweza kupoteza.

Kabla ya kupanda gari

Bunduki ya tubu haitoi magazini yake kama ya sanduku. Kwenye nyingi ya hizo, njia ya kuzitoa risasi ni kuzungusha wenzo na kupitisha kila moja chemba hadi ziishe. Kwa hiyo mtutu uelekezwe mahali salama, kidole kiwe mbali na trigga, na risasi zinazotoka zihesabiwe kwa sauti. Kama ziliingia nne na zimetoka tatu, moja bado imo. Halafu ingiza kidole chemba na kwenye mlango wa tubu, usitegemee macho peke yake.

Karatasi nazo ziwe tayari. Bunduki ya mgeni inaingia nchini kwa kibali cha muda cha polisi, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na namba ya silaha iliyo kwenye kibali lazima ilingane na iliyo kwenye chuma. Winchester za zamani zina namba sehemu isiyo ya kawaida, chini ya bunduki, na hilo limewachelewesha wageni wengi uwanjani, kwa hiyo waambieni mapema waionyeshe wenyewe. Uwindaji wenyewe unaongozwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Askari wa wanyamapori anafuatana na mgeni kila siku, hakuna kupiga kutoka kwenye gari, na hakuna kuwinda usiku. Mnyama aliyejeruhiwa na kupotea anahesabika kwenye leseni kama aliyeuawa.

Na asipopatikana, taarifa iende siku hiyohiyo kwa askari wa kitalu na kwa viongozi wa vijiji vya jirani, ikitaja mahali alipoonekana mwisho, upande alioelekea, na alipopigwa mwilini. Nyati mwenye risasi ndani yake anaweza kukutana kesho na mama anayeokota kuni au mvulana anayechunga ng'ombe, na hao hawakuwa na habari yoyote ya bunduki ya mgeni.